Mwenye Mbwa Akisafiri, Mbwa Mkubwa Abaki Wapi?

Mbwa mwenye uzito wa kilo 30 au 40 haachwi kama anavyoachwa kuku au paka. Kuku huchakura na kujilisha, paka huhamia kwa jirani mwenye samaki. Mbwa mkubwa hubaki akilinda uwanja ule ule hata kama aliyemweka hayupo, na akikosa chakula, maji na mtu wa kumwamuru huanza kutanga, kuvunja mabanda ya kuku na kuwatisha watoto wanaokwenda shule. Ndiyo maana mahali pa kumweka panapaswa kujulikana kabla tiketi haijakatwa. Katika wilaya za Rufiji na Kibiti, mkoani Pwani, kuanzia Mbwara na Utete hadi visiwa vya delta ya mto Rufiji, uamuzi huo unategemea mambo ambayo mfuga mbwa wa Masaki au Mikocheni, jijini Dar es Salaam, hayamsumbui: maji ya mto, mashamba ya bondeni, mbung'o, na ukweli kwamba majirani wengi ni Waislamu wenye taratibu zao kuhusu mbwa.

Mbwa wa kienyeji wa ukanda huu ni mwembamba, mwepesi, na kwa kawaida hazidi kilo 20. Mbwa mkubwa huwa ni German Shepherd, Rottweiler au Boerboel, na mara nyingi zaidi ni chotara wa mmojawapo na mbwa wa kienyeji. Hupatikana kwa wenye mashamba ya korosho, kwa wafanyabiashara wa Kibiti na Ikwiriri kwenye barabara ya Lindi, na kwa watumishi waliohamia kutoka mikoa mingine wakaja na mbwa wao. Wafugaji wa ng'ombe walioingia Rufiji na Lindi kwa wingi tangu 2006 na 2007, baada ya kuondolewa katika bonde la Ihefu, nao walikuja na mbwa wa kuchunga.

Safari zenyewe hazifanani. Mtumishi wa umma ana likizo yake ya mwaka, na sheria ya kazi inampa siku 28. Mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, hajui atarudi lini. Wavuvi wanaokwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, hukaa huko kwa kufuata samaki na mwezi. Safari iliyo kubwa kuliko zote katika bonde hili, hata hivyo, ni ya kwenda shambani. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni na kuwapeleka kwenye vijiji vya ardhi ya juu, katika kile kilichoitwa Operesheni Rufiji. Nyumba zilipanda juu, lakini udongo wenye rutuba ulibaki chini. Tangu hapo familia nyingi zina makazi mawili: nyumba kijijini, na dungu shambani ambako hulala kwa wiki na miezi wakiulinda mpunga dhidi ya nguruwe pori, nyani na ndege.

Kwa safari hiyo ya shambani jibu lililo bora ni kwenda na mbwa. Kule ana kazi. Nguruwe pori wakiingia usiku, mbwa huwasikia kabla ya mtu, na kubweka kwake peke yake huwafanya wengi wageuze njia. Kuna sababu nyingine nzito zaidi. Kati ya 2002 na 2004 simba aliyekuwa akila watu aliua watu wapatao 35 katika vijiji vya Rufiji kabla hajauawa Aprili 2004. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu mashambulizi ya simba Tanzania ulihesabu watu 563 waliouawa kati ya 1990 na 2004, na ukaonyesha kwamba nguruwe pori ndio wanaowavuta simba hadi mashambani, na hao hao ndio wanaomlazimisha mkulima kulala nje akilinda mazao. Mlinzi mwenye masikio makali chini ya dungu ni msaada wa kweli.

Lakini chini ya dungu ndipo mahali pabaya pa kumlaza. Mtu amelala juu kwenye jukwaa la miti, mbwa yuko ardhini, na kama amefungwa kamba hana hata pa kukimbilia. Chui au simba akija humkuta yeye kwanza. Anayempeleka mbwa mkubwa bondeni amjengee kibanda cha miti iliyobanana, chenye mlango wa kufungwa, karibu na ngazi ya dungu. Maji apelekewe kwenye chombo. Kumwacha ateremke mtoni kunywa jioni ni kumpeleka kwa mamba, na Rufiji ina mamba wengi. Mbwa anayekunywa ukingoni, kichwa kikiwa chini, ni windo rahisi kwao.

Hatari isiyoonekana upesi ni mbung'o. Watu wengi huujua ugonjwa wa nagana, unaoenezwa na mbung'o, kwa ng'ombe, ilhali mbwa huumia nao vibaya zaidi, na akikosa tiba anaweza kufa baada ya wiki chache. Dalili huanza kwa homa na kukosa hamu ya kula, kisha fizi hupauka, uso au miguu huvimba, na jicho huanza kuwa na ukungu wa kibluu kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Mbwa aliyerudi kutoka porini akiwa na jicho la namna hiyo apelekwe kwa mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo, maana dawa ipo na hufanya kazi ikiwahi.

Familia nzima inapohamia shambani na mbwa, nyumba ya kijijini hubaki bila mlinzi. Wenye mbwa wawili hugawa: mmoja bondeni, mmoja nyumbani. Mwenye mmoja hana budi kuchagua, na hapo inafaa kukumbuka kwamba kufuli na jirani mwema hulinda nyumba kwa kiasi fulani, lakini mpunga ulioiva haufungwi kwa kufuli.

Kwa safari za mjini mambo hugeuka. Mabasi ya kwenda Dar es Salaam kwa kawaida hayapakii mbwa ndani, na anayekubaliwa huishia kwenye buti pamoja na magunia. Mbwa hapoi kwa jasho kama mtu. Hupoa kwa kuhema, na anapohema hewa ya moto iliyojaa unyevu hapoi kabisa. Mbwa mkubwa, hasa mwenye manyoya mengi au pua fupi, anaweza kufa kwa joto ndani ya buti kabla gari halijafika Mkuranga. Mwenye mbwa asiye na gari lenye nafasi na hewa amwache Rufiji. Kwa delta ni hivyo hivyo. Boti ya kutoka bandari ya Nyamisati imejaa watu na mizigo, mbwa wa kilo 40 akishtuka chombo huyumba, na vijiji kadhaa vya delta vina visima vyenye maji ya chumvi, kiasi kwamba maji ya kunywa hununuliwa au kuchotwa mbali. Mbwa wa ukubwa huo huhitaji takribani lita mbili za maji baridi kwa siku, na zaidi kukiwa na joto. Kwenye madago kuna sumu pia: samaki aitwaye bunju, ambaye wavuvi humtupa pembeni kwa kuwa anaua, huokotwa na mbwa asiyemjua. Mbwa wa dago aliyezaliwa pale ana nafasi ya kujifunza. Mgeni hana.

Hivyo katika safari nyingi mbwa hubaki, na swali ni abaki kwa nani. Mahali panapomfaa kuliko pote ni nyumbani kwake mwenyewe, akiwa na mtu anayemtii tayari. Harufu ni zile zile, mipaka anaijua, na hana mbwa mgeni wa kupigana naye. Kitu kinachohama ni mtunzaji, si mbwa. Mtunzaji huyo asiwe tu mtu anayepatikana. Awe mtu mzima mwenye nguvu za kumshika, anayekaa karibu, na aliyekwisha kumlisha mbwa kwa mkono wake mbele ya mwenyewe kwa siku kadhaa. Kumkabidhi kijana wa miaka 12 mbwa wa kilo 40 kwa sababu ndiye pekee aliyebaki nyumbani ni kumhatarisha kijana na mbwa pia.

Jambo la dini linastahili kuzungumzwa waziwazi na mapema, kwa heshima. Waislamu wa pwani hii wengi hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mbwa kuwa najisi. Chombo alicholamba, au mwili na nguo vilivyogusana naye kukiwa na unyevu, huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mguso ukiwa mkavu kwa mkavu hauhitaji kuoshwa. Kufuga mbwa kwa kulinda shamba au mifugo na kwa kuwinda kumeruhusiwa tangu Hadithi za Mtume, na wanazuoni wengi wameingiza ulinzi wa nyumba humo. Vilevile ni Hadithi mashuhuri, iliyo katika Bukhari na Muslim, inayosimulia mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Jirani Mwislamu anaweza kumtunza mbwa vizuri kabisa bila kuvuruga swala yake, mradi mwenye mbwa amrahisishie kazi. Mbwa awe na bakuli lake lisilochanganywa na vyombo vya nyumbani, upawa mrefu wa kumiminia chakula, ndoo yake ya maji, na banda ambalo bakuli huingizwa kwa chini bila kufungua mlango. Anayemletea jirani mbwa uani, karibu na mkeka wa kusalia na jiko la mkaa, kisha akashangaa kukataliwa, hakumfikiria jirani wala mbwa.

Banda lenyewe lijengwe kwa ajili ya joto la Rufiji. Makuti ni bora kuliko bati, kwa sababu saa nane mchana bati huwa kama kikaango. Sakafu iinuliwe kutoka ardhini ili maji ya masika yapite chini, na upande mmoja uachwe wazi kwa upepo. Mbwa aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha bila kugusa ukuta. Kwa safari ya zaidi ya siku mbili banda peke yake halitoshi. Mbwa mkubwa atolewe asubuhi na jioni akiwa amefungwa kamba, la sivyo hutafuna mbao na kubweka usiku kucha hadi mtaa mzima umchukie.

Chakula kisibadilishwe siku ya safari. Mbwa aliyezoea ugali wa dona kwa dagaa na vichwa vya samaki apewe hicho hicho. Kama kuna ulazima wa kubadili, kibadilishwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja. Milo iwe miwili midogo badala ya mmoja mkubwa, na asikimbizwe mara baada ya kula. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu hupatwa na tumbo kujaa gesi na kujipinda. Mbwa hujaribu kutapika asitoe kitu, tumbo hukaza kama ngoma, na bila upasuaji hufa ndani ya saa chache. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe kabisa, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha. Haya yote mtunzaji aandikiwe kwenye karatasi, pamoja na namba ya simu ya afisa mifugo wa kata, na fedha ya dharura iachwe mkononi mwake. Kuahidi kwamba fedha "itatumwa" kwa simu si maandalizi, maana mtandao hukatika na mwenye mbwa huenda yuko wodini.

Kama mbwa ni jike na karibu ataingia kwenye joto, safari ikiwezekana isogezwe. Madume ya kijiji kizima hukusanyika, uzio huvunjwa, mapigano hutokea, na ni katika mikusanyiko ya aina hiyo mbwa wengi hung'atana na kuambukizana kichaa cha mbwa.

Kumpeleka mbwa kwa ndugu wa kijiji kingine au kwenye boma la wafugaji kunafaa pale tu anapokwisha kuwajua watu na mbwa wa huko. Mbwa mkubwa mgeni akiingizwa ghafla katika boma lenye mbwa wanne, hata akishinda, ataumia. Afikishwe kwanza mara mbili au tatu akiwa na mwenyewe, akutanishwe na mbwa wengine nje ya boma, na siku za mwanzo alale peke yake. Na asiachwe huru mapema, kwa sababu mbwa wengi hujaribu kurudi kwao kwa miguu, wakavuka barabara ya Lindi usiku penye malori.

Nyumba za kulea mbwa kwa malipo zipo Dar es Salaam, nyingine zikiendeshwa na madaktari wa mifugo. Kwa mtu wa Kibiti anayesafiri kwa gari lake na kupitia mjini, hilo ni chaguo la heshima, hasa safari ikiwa ndefu au mbwa akiwa na ugonjwa unaohitaji dawa kila siku. Aende akapaone kwanza. Aangalie kama mabanda yamekaushwa, kama kila mbwa ana maji, kama mahali pananuka mkojo wa siku tatu, na kama mwenye nyumba anadai cheti cha chanjo. Asiyedai cheti asiachiwe mbwa, kwa kuwa hajadai kwa wengine pia, na ugonjwa wa paravo, unaoua mbwa kwa kuhara damu, hukaa kwenye udongo na sakafu kwa miezi.

Cheti hicho ndicho hati muhimu kuliko zote popote mbwa atakapowekwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka kwa utaratibu wa kawaida, na kwa mbwa anayechanjwa mara ya kwanza ifanyike angalau mwezi mmoja kabla ya safari ili kinga iwe imejengeka. Pwani ni miongoni mwa mikoa iliyoingizwa katika mradi wa Shirika la Afya Duniani uliochanja mbwa katika wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania, Pemba ikiwamo, kuanzia 2010, kwa fedha za taasisi ya Bill na Melinda Gates. Msingi wake ni kwamba mbwa asilimia 70 wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Chanjo hiyo haidumu yenyewe. Watoto wa mbwa huzaliwa kila msimu, na kijiji kikikaa miaka miwili bila kuchanja hurudi karibu na pale kilipoanzia.

Lipo chaguo la mwisho, ambalo ndilo linalofanyika mara nyingi kuliko linavyokiriwa: mbwa kufungwa mnyororo chini ya mwembe, sufuria ya ugali na ndoo ya maji zikaachwa, na mwenyewe akaondoka siku nne. Ni kosa kila mara. Siku ya kwanza mbwa hulizunguka shina akifuata kivuli, mnyororo unajizungusha na kufupika, na kufikia jioni ndoo iko hatua moja mbele ya pua yake. Ugali huchacha, siafu huja. Kufikia siku ya tatu shingo imechubuka na inzi wametaga mayai kwenye kidonda. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amwepushe na njaa, kiu na mateso, na kwa hilo hakuna msamaha wa kwamba alikuwa safarini.

Mnyororo una ubaya mwingine ambao Rufiji imeuona kwa macho. Aprili 2024 mto ulifurika, ukafunika mashamba na makazi katika wilaya zote mbili, Rufiji na Kibiti, na watu wakaondoka kwa mitumbwi. Mwanzoni mwa Mei, ardhi ikiwa bado imejaa maji, kimbunga Hidaya kikafika pwani karibu na kisiwa cha Mafia. Katika hali hiyo mbwa aliyeachwa nyuma akiwa huru huweza kuogelea na kupanda mahali pa juu. Aliyefungwa kwa kufuli, ufunguo ukiwa Dar es Salaam, hufa maji. Kwa nyumba yoyote iliyo bondeni au kando ya mkondo wa delta, mwenye mbwa akisafiri wakati wa masika, mbwa apelekwe ardhi ya juu kabla ya safari, na afungwe kwa kibanio ambacho mtu yeyote anaweza kukifungua kwa mkono mmoja.

Mwenye mbwa akirudi, amkague mnyama wake mwili mzima: kupe ndani ya masikio na kati ya vidole, shingo, makucha, macho, uzito. Amuulize mtunzaji kama kuna mtu aliyeng'atwa, na aulize bila ukali ili aambiwe kweli. Jambo hilo likitokea wakati yeye hayupo, mtunzaji awe ameelekezwa tangu mwanzo. Kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na aliyeng'atwa aende kuchomwa chanjo hata kama mbwa ana cheti, hadi daktari aamue vinginevyo. Zahanati ya kijiji mara nyingi haina chanjo hiyo, kwa hiyo kabla ya kusafiri iulizwe Hospitali ya Utete, Hospitali ya Mchukwi au kituo cha afya Kibiti ili ijulikane ilipo. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe, alishwe na kuangaliwa siku 10, kwani aliyekuwa na virusi vya kichaa kwenye mate siku alipong'ata kwa kawaida huonyesha dalili au hufa ndani ya muda huo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu hakina tiba. Simu ya kwanza ipigwe hospitali, ya pili kwa afisa mifugo, na ya mwenye mbwa ifuate baada ya hizo.